Kuhamisha Umiliki wa Silaha ya Moto Baina ya Mume na Mke: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanandoa wengi huamini kwamba kilicho cha mmoja ni cha wote wawili, na kwa mali nyingi za nyumbani imani hiyo haiwaletei taabu yoyote. Silaha ya moto haifuati kanuni hiyo. Hata kama bunduki ilinunuliwa kwa fedha za wote wawili na imekaa miaka mingi katika nyumba yao, ruhusa ya kuwa nayo ilitolewa kwa mtu mmoja, baada ya mtu huyo kuchunguzwa yeye mwenyewe: umri wake, rekodi yake mahakamani, afya yake, sababu zake za kutaka silaha na mahali anapoitunzia. Cheti cha ndoa hakimwingizi mtu wa pili katika ruhusa hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika karatasi yoyote, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni umiliki wa bunduki kama mali, ambao unaweza kutoka kwa mume kwenda kwa mke, au kwa mke kwenda kwa mume, kwa hiba, kwa mauzo, kwa wosia au kwa uamuzi wa mahakama. La pili ni haki ya kuishika na kuitunza. Katika nchi zinazotoa leseni, haki hii hutoka kwa mamlaka pekee, na hakuna mtu awezaye kumkabidhi mwenzake. Mwenzi anayepokea huipata upya, kwa jina lake mwenyewe, au haipati kabisa. Makosa mengi huanzia hapa, pale watu wanapokamilisha jambo la kwanza wakadhani la pili limefuata lenyewe, na mtu mwadilifu ambaye hajawahi kufika mahakamani akajikuta anashikilia silaha bila kibali. Mwongozo huu umefuata mpangilio mmoja: ruhusa ya mpokeaji hutangulia, hati za uhamisho hufuata, na silaha yenyewe hukabidhiwa mwisho.

Hatua ya kwanza: Fahamuni sheria inayowahusu

Sheria za silaha hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na katika baadhi ya nchi hutofautiana hata kutoka jimbo hadi jimbo. Ushauri wa rafiki aliyefanikiwa kuhamisha bunduki yake mahali pengine unaweza kuwa kosa la jinai mahali mnapoishi ninyi. Anzeni kwa kuuliza swali moja: je, leseni hapa hutolewa kwa kila silaha, au hutolewa kwa mtu, ambaye baadaye anaweza kuwa na silaha za aina aliyoruhusiwa?

Afrika Kusini ni mfano mzuri wa utaratibu wa kwanza. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha Namba 60 ya 2000, mtu hupata kwanza cheti cha umahiri, kisha huomba leseni kwa ajili ya kila silaha anayotaka kuwa nayo. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mtu awe na cheti chake kinachotolewa na mamlaka ya leseni, na nchini Tanzania mambo haya husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Uingereza nayo, chini ya Sheria ya Silaha ya 1968, hutumia vyeti vinavyotolewa na polisi. Katika nchi kama hizi, kumwandikia mke au mume hati ya hiba bila yeye kuwa na cheti chake hakumpi chochote anachoweza kukitumia kihalali.

Kanada hutoa leseni kwa mtu, lakini wasidhani wasomaji kwamba hapo mambo ni rahisi zaidi. Tangu tarehe 18 Mei 2022, hata uhamisho wa bunduki ndefu za kawaida baina ya watu wawili wenye leseni huhitaji namba ya uthibitisho kutoka kwa Msajili wa Silaha, na tangu tarehe 21 Oktoba 2022 uhamisho wa bastola kwenda kwa watu binafsi umesimamishwa, isipokuwa kwa makundi machache sana. Mume mwenye bastola iliyosajiliwa kihalali anaweza kuwa na mke mwenye leseni kamili, na bado uhamisho ukakataliwa. Ndiyo maana swali la kama jambo lenyewe linawezekana huulizwa kabla ya swali la namna ya kulifanya.

Marekani inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu huko ngazi mbili za sheria hufanya kazi kwa pamoja. Kwa sheria ya shirikisho ya 1968, watu wawili wasio wafanyabiashara wa silaha, wanaoishi katika jimbo moja, wanaweza kuhamishiana bunduki ya kawaida bila kupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni, mradi mtoaji hajui wala hana sababu ya kuamini kwamba mpokeaji amepigwa marufuku kuwa na silaha. Wakiwa wakazi wa majimbo mawili tofauti, uhamisho lazima upitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na ndoa haiondoi sharti hilo. Wanandoa wanaoishi mbalimbali kwa sababu ya kazi hunaswa mara nyingi na kanuni hii. Juu ya hapo huja sheria za jimbo. New York, kwa mfano, imewasamehe wanandoa sharti la ukaguzi wa rekodi katika uhamisho wa watu binafsi, lakini bastola bado lazima iwe kwenye leseni ya anayeishika. California ina msamaha wa kifamilia unaohusu mzazi na mtoto, au babu, bibi na mjukuu, ilhali kwa mume na mke kuna njia nyingine, ya kubadilisha hadhi ya mali baina ya wanandoa, yaani mali ya mmoja au ya wote wawili kufanywa ya mwenzake, ambayo humtaka mpokeaji awe na cheti cha usalama wa silaha na atoe taarifa kwa Idara ya Sheria ya jimbo ndani ya siku 30. Kama silaha ni rashasha au kifaa cha kupunguza mlio, basi sheria ya shirikisho ya 1934 inahitaji idhini ya serikali kabla ya kukabidhiana, na hakuna msamaha kwa mwenzi aliye hai.

Mkishajua mko upande gani, nendeni au pigeni simu kwa mamlaka ya leseni mkaulize kwa maneno ya wazi: «Mimi ndiye mwenye leseni, nataka silaha hii iwe ya mwenzi wangu, ni fomu zipi zinahitajika, na silaha ikae wapi wakati maombi yanashughulikiwa?» Sehemu ya pili ya swali hilo ina uzito sawa na ya kwanza. Andikeni jina la ofisa aliyewajibu na tarehe.

Hatua ya pili: Pimeni kama uhamisho ndio mnaouhitaji

Mara nyingi wanandoa husema wanataka kuhamisha umiliki, kumbe wanachotaka ni kwamba wote wawili waweze kuitumia silaha ileile, labda kwa kulinda mifugo, kwa uwindaji au kwa mchezo wa kulenga shabaha. Hayo ni mahitaji tofauti, na huenda yakawa na njia nyepesi zaidi. Sheria ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 12, huruhusu leseni ya ziada juu ya silaha ileile kwa mtu anayeishi katika makazi yale yale pamoja na mwenye leseni ya kwanza. Uingereza pia bunduki moja yaweza kuandikwa kwenye vyeti vya watu wawili. Faida ya njia hii ni kubwa, kwani hakuna anayepoteza haki yake, na mmoja akifariki, mwingine tayari ana kibali halali.

Ikiwa sababu ya uhamisho ni kwamba mmiliki wa sasa ameugua, amezeeka au hataki tena kuwa na silaha, ulizeni kwa dhati kama mwenzi wake anaitaka. Mtu asipokee bunduki kwa sababu tu ya kuona haya kukataa. Kama hakuna anayeitaka, kuiuza kupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni au kuisalimisha polisi ni uamuzi halali na wa heshima, na kwa maoni yangu ndio ulio bora kuliko kuiacha mikononi mwa mtu anayeiogopa na asiyejua kuifungua.

Hatua ya tatu: Hakikisheni mpokeaji anaruhusiwa

Mpokeaji huchunguzwa kana kwamba ananunua silaha dukani kwa mara ya kwanza. Umri wa chini, ukaaji halali, rekodi ya jinai, hali ya afya ya akili, matumizi ya dawa za kulevya na mafunzo ya matumizi salama ni mambo yanayotazamwa karibu kila mahali. Australia, ambayo iliweka Makubaliano ya Kitaifa ya Silaha mwaka 1996, humtaka mtu aeleze pia sababu ya kweli ya kuhitaji silaha, na kujilinda hakukubaliwi kuwa sababu. Jambo hili ni muhimu kwa wanandoa, kwa kuwa sababu aliyokuwa nayo mume haimfuati mke: mume aliyeruhusiwa kwa kuwa ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha hawezi kumrithisha mkewe uanachama huo.

Kizuizi kinachogusa ndoa moja kwa moja ni kile cha ukatili wa nyumbani. Marekani, tangu marekebisho ya 1996, mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani, hata likiwa kosa dogo kisheria, haruhusiwi kuwa na silaha, na mtu aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi wake naye huzuiwa. Mahakama ya Juu ilikubali uhalali wa kizuizi hicho cha pili mwezi Juni 2024. Kanada, anayeomba leseni hutakiwa kutoa taarifa za mwenzi wake wa sasa na za mwenzi aliyeishi naye katika miaka miwili iliyopita, na hao hutaarifiwa juu ya ombi hilo. Wanandoa wasiyachukulie maswali haya kama matusi. Ofisa anayemwuliza mke peke yake, mbali na mumewe, kama ana wasiwasi wowote, anatimiza sehemu ya maana kuliko zote ya kazi yake, na mwenzi aliye na wasiwasi ana haki ya kuusema.

Hapa ni lazima nieleze hali mbili ambazo hazifai kabisa kushughulikiwa kwa uhamisho wa kirafiki baina ya wanandoa.

Hali ya kwanza ni pale mmoja wao amepigwa marufuku kuwa na silaha, na mwenzake anaombwa aipokee au ainunue kwa jina lake ili iendelee kubaki nyumbani. Kumnunulia mtu aliyezuiwa, au kumshikia kwa jina, ni kosa zito la jinai kwa wote wawili. Kuna tofauti ndogo ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliieleza mwaka 2015 katika shauri la Henderson: mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai bado anaweza kuomba silaha zake, zilizo mikononi mwa serikali, zihamishiwe kwa mtu mwingine, mradi mahakama iridhike kwamba hatakuwa na udhibiti wowote juu yake wala njia ya kuzitumia. Fikirieni ugumu wa kuiridhisha mahakama juu ya jambo hilo ikiwa mpokeaji ni mke wake, wanalala chumba kimoja, na funguo za nyumba zinaning'inia msumari mmoja.

Hali ya pili ni pale ndoa yenyewe iko katika mgogoro. Wakati wa kutengana au kudai talaka, silaha isihamishwe baina ya wanandoa kwa makubaliano yao wenyewe, hata kama makubaliano hayo yanaonekana kuwa ya amani. Mahakama nyingi huzuia uhamisho wa mali wakati shauri linaendelea, na zaidi ya hapo, kipindi cha kutengana ndicho kipindi ambacho uwepo wa bunduki ndani ya nyumba huwa wa hatari zaidi. Njia iliyo salama ni silaha kuondolewa nyumbani na kuhifadhiwa na polisi au na mfanyabiashara mwenye leseni, kwa stakabadhi, mpaka mahakama iamue ni ya nani. Anayetishiwa na mwenzi wake mwenye silaha asisubiri hatua zozote za mwongozo huu. Aende polisi, na kama anaweza aondoke kwanza mahali hapo.

Hatua ya nne: Kagueni silaha na karatasi zake

Kazi hii ifanywe na mwenye leseni, mpokeaji akiwa pembeni na kalamu. Kabla ya kusoma chochote kilichochongwa kwenye silaha, mwenye leseni aelekeze mdomo wa mtutu upande usio na mtu, aweke kidole mbali na kifyatuo, atoe magazini, afungue chemba, na aikague kwa macho na kwa kidole kuhakikisha hakuna risasi. Risasi ziwe chumba kingine. Watu wamekufa wakati bunduki «isiyo na kitu» ikisafishwa au ikionyeshwa kwa mgeni, na hakuna sababu ya kuharakisha.

Andikeni aina ya silaha, mtengenezaji, modeli, kipenyo cha mtutu na namba iliyochongwa, kisha mlinganishe tarakimu moja baada ya nyingine na zile zilizo kwenye leseni na kwenye stakabadhi ya ununuzi. Someni namba kutoka kwenye chuma, siyo kutoka kwenye kumbukumbu. Herufi O na tarakimu 0, herufi I na tarakimu 1, huchanganywa kwa urahisi, na kosa lililofanywa na karani miaka mingi iliyopita hujitokeza siku ya uhamisho, pale mfumo unaposema kwamba silaha iliyo mbele ya ofisa siyo ile iliyo kwenye daftari. Mkikuta tofauti, mmiliki wa sasa ndiye anayepaswa kuirekebisha, kwa barua kwa mamlaka, kabla ombi la mpokeaji halijapelekwa. Msilipeleke mkitumaini kwamba hakuna atakayegundua.

Baadhi ya bunduki za zamani hazina namba kabisa. Marekani, kwa mfano, ilifanya namba kuwa sharti kwa silaha zote kwa sheria ya 1968, na baadhi ya bunduki za bei nafuu zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuchongwa chochote. Kukosa namba tangu kiwandani ni jambo moja, na namba iliyokwanguliwa ni jambo jingine kabisa, la jinai. Msichonge namba yenu wenyewe. Ulizeni mamlaka iwape utaratibu.

Hatua ya tano: Mpokeaji apeleke ombi, na silaha isisogee

Fomu hutofautiana, lakini mpokeaji atahitaji kitambulisho au pasipoti, picha, uthibitisho wa makazi, cheti cha mafunzo pale kinapotakiwa, nakala ya cheti cha ndoa, nakala ya leseni ya mmiliki wa sasa, na barua fupi ya mmiliki huyo ikieleza kwamba amekubali kwa hiari yake silaha hiyo ihamishwe. Mpokeaji ajaze fomu kwa mkono wake. Mume anayemjazia mke fomu, au mke anayemjazia mume, huacha makosa ambayo mhusika hataweza kuyaeleza akiulizwa kwenye mahojiano, na huzua shaka kwamba mwombaji wa kweli ni mtu mwingine.

Kisha huja kipindi cha kusubiri, na hiki ndicho ninachokiona kuwa kigumu kuliko vyote kwa sababu hakionekani kuwa kigumu. Kinaweza kuchukua wiki au miezi. Katika muda wote huo mmiliki wa sasa bado ndiye mwenye wajibu kamili, na mpokeaji, ijapokuwa jina lake liko kwenye fomu iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, ni sawa na mtu mwingine yeyote asiye na leseni. Muhuri wa kupokelewa si kibali.

Kwa watu wanaoishi nyumba moja, sharti hili humaanisha zaidi ya kutoigusa bunduki. Humaanisha kwamba ufunguo wa sefu, au namba zake za siri, viwe kwa mwenye leseni peke yake. Polisi wa Uingereza, wanapokagua utunzaji wa silaha, huuliza waziwazi nani mwingine ndani ya nyumba anajua ufunguo ulipo, na jibu la «mke wangu tu» si jibu linalowaridhisha ikiwa mke hana cheti. Sijui kwa nini sharti hili huwaudhi watu kuliko yote, labda kwa sababu huonekana kama kutoaminiana ndani ya ndoa. Lakini sheria haipimi upendo, inauliza tu nani anaweza kuifikia silaha. Mwenye leseni akisafiri kwa muda mrefu katika kipindi hiki, asimwachie mwenzake ufunguo, bali aipeleke silaha ikahifadhiwe na mfanyabiashara mwenye leseni au polisi, na kuchukua stakabadhi.

Kipindi hiki pia kitumike vizuri. Mpokeaji amalize mafunzo, ajifunze kuifungua na kuisafisha silaha mbele ya mkufunzi anayetambuliwa, na aandae mahali pake pa kuitunzia kama ukaguzi wa nyumba unahitajika.

Hatua ya sita: Andikeni hati ya uhamisho

Pale ambapo serikali ina fomu yake, fomu hiyo hutangulia karatasi nyingine yoyote. Hata hivyo, hati ya ziada baina ya wanandoa ina manufaa, hasa mbele ya warithi au wadai. Iwe fupi, na iseme haya: majina kamili ya mtoaji na mpokeaji pamoja na namba za leseni zao; maelezo ya silaha kama yalivyoandikwa katika hatua ya nne; kama ni hiba au mauzo, na kama ni mauzo, kwa kiasi gani; tamko la mtoaji kwamba silaha ni yake na haidaiwi; na tarehe ya kukabidhiana. Wote wawili watie saini mbele ya mashahidi wawili ambao si watoto wao.

Katika nchi ambazo mali iliyopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, ongezeni sentensi moja inayosema kwamba kuanzia tarehe hiyo silaha itakuwa mali binafsi ya mpokeaji, na kwamba mtoaji anaachilia haki yake juu yake. Sentensi hiyo huzuia mabishano mengi baadaye. Tarehe isirudishwe nyuma kwa sababu yoyote. Hati yenye tarehe ya kabla ya kibali ni ushahidi, kwa saini zenu wenyewe, kwamba silaha ilikabidhiwa kabla ya ruhusa.

Hatua ya saba: Kukabidhiana, na taarifa baada ya hapo

Mpokeaji akishakuwa na kibali chake mkononi, makabidhiano yenyewe ni mafupi. Uingereza, makabidhiano lazima yafanyike ana kwa ana, mpokeaji akionyesha cheti chake, na wote wawili wenye vyeti hutakiwa kutoa taarifa kwa polisi ndani ya siku 7. Kwingineko hufanyika mbele ya mfanyabiashara mwenye leseni au kituoni. Popote mlipo, silaha itolewe ikiwa tupu na chemba ikiwa wazi.

Risasi zinahitaji uangalifu wa peke yake. Katika nchi nyingi kibali cha risasi kimeandikwa kando, kwa kipenyo na idadi, na zile zilizobaki kwa mtoaji haziendi moja kwa moja na bunduki. Mpokeaji asipokee hata moja zaidi ya idadi aliyoruhusiwa. Zinazozidi zirudishwe kwa mfanyabiashara au polisi.

Siku hiyohiyo badilisheni namba za siri za sefu. Aliyekuwa mmiliki, kama leseni yake ilikuwa kwa silaha hiyo tu, sasa ndiye asiye na ruhusa ndani ya nyumba, na sharti lililomhusu mwenzake jana linamhusu yeye leo. Wengi husahau kipengele hiki kabisa. Pia leseni yake ya zamani irudishwe ili ifutwe au irekebishwe, na bima ya nyumba, kama inataja silaha, ibadilishwe jina.

Mpokeaji aandike tarehe ya mwisho wa leseni yake mpya, kwa kuwa hailingani na ile iliyokuwapo. Afrika Kusini, leseni ya kujilinda hudumu miaka 5 na ya uwindaji au michezo miaka 10, na ombi la kuihuisha lazima lipelekwe angalau siku 90 kabla ya kuisha.

Mwenzi anapofariki kabla ya uhamisho

Mjane au mgane anayeikuta bunduki ndani ya nyumba yuko katika hali ngumu, kwa sababu leseni ya marehemu haimlindi. Asiihamishe kwenda kwa ndugu, asimpe kijana wa familia aitunze, na asikae nayo akisubiri arobaini ipite. Atoe taarifa polisi mapema iwezekanavyo, na kama hana ruhusa ya kuishika aombe wao waje waichukue, badala ya kuibeba barabarani yeye mwenyewe. Uingereza, polisi wanaweza kutoa kibali cha muda chini ya kifungu cha 7 cha sheria ya 1968, kinachomruhusu mtu kuwa na silaha mpaka itakapopata mwenyewe. Afrika Kusini, msimamizi wa mirathi ndiye anayeshika dhamana ya silaha na kuipeleka kwa mrithi mwenye leseni au kuiondoa kwa njia nyingine iliyowekwa na sheria. Ujerumani, mrithi anapaswa kuomba kibali ndani ya mwezi mmoja tangu kuukubali urithi, na asipokuwa na sababu inayotambuliwa ya kuwa na silaha, huitunza ikiwa imefungwa kwa kifaa maalumu kinachozuia isifyatue. Marekani huruhusu silaha iliyoachwa kwa wosia au kurithiwa ivuke kutoka jimbo hadi jimbo bila kupitia kwa mfanyabiashara, lakini mrithi lazima aruhusiwe kuwa nayo huko anakoishi.

Kwa kuwa msiba hauji kwa miadi, kila mwenye leseni aandike leo karatasi moja yenye maelezo ya silaha, namba ya leseni, kituo cha polisi kinachohusika na jina la mtu anayependekeza aipokee, aikabidhi kwa wakili au msimamizi wa mirathi yake katika bahasha iliyofungwa, na namba za siri za sefu aziweke katika bahasha nyingine, kwa mtu mwingine mwenye leseni.